Sikio na pingu: kwa nini idara za ujasusi hazisadikiki hata zikisema kweli

Ukienda Nyayo House, Nairobi, kushughulikia pasipoti, unapanga foleni kama kila mtu. Watu wamekumbatia bahasha za kaki, picha ndogo na nakala za vitambulisho. Mtoto analia, mlinzi ananyoosha mstari. Jengo lina ghorofa 27 na halijifichi, lipo katikati ya jiji. Chini ya sakafu wanayosimama watu hao kuna vyumba vidogo visivyo na dirisha. Katika miaka ya 1980 polisi wa Special Branch, tawi la ujasusi la polisi, waliwafungia watu humo wakiwa uchi, wakamwaga maji sakafuni ili mtu asiweze kulala wala kukaa, wakapuliza hewa ya baridi na baadaye ya moto. Mahojiano yalifanyika ghorofa za juu kabisa. Mtu alifungwa kitambaa machoni, akapandishwa kwa lifti, akahojiwa na kupigwa, akarudishwa kwenye maji.

Nimeanza na jengo kwa sababu mjadala kuhusu ujasusi hupenda kuelea hewani. Huyu anasema usalama wa nchi kwanza, yule anasema haki za binadamu kwanza, na baada ya saa mbili kila mmoja anaondoka na alichokuja nacho. Jengo linatushusha kwenye swali dogo zaidi. Humo ndani, nani alikuwa na kazi ya kusikiliza, na nani alikuwa na funguo za seli? Alikuwa mtu yule yule. Kwa maoni yangu, ukitaka kujua kwa nini neno "shushushu" linatamkwa kwa sauti ya chini kutoka Kisumu hadi Mtwara, anzia hapo.

Kazi yenyewe

Tuondoe kwanza picha ya miwani myeusi. Idara ya ujasusi ni mahali pa kukusanya habari, kuzipima na kumfikishia anayepaswa kuamua. Sehemu kubwa ya kazi ni kusoma: magazeti, mitandao, ripoti za wilayani, mazungumzo yaliyonaswa. Wenyewe huwaita wanaopokea ripoti zao wateja, na mteja mkuu ni rais. Idara haiamui, inaonya. Ikionya vizuri, basi lililopangwa kulipuliwa linafika stendi na abiria wanashuka wakilalamikia nauli. Hakuna atakayejua.

Ugumu wa kimaadili upo hata pale kazi inapofanywa vizuri. Ofisa anaishi kwa jina ambalo si lake. Anasoma barua asizoandikiwa. Anamtafuta mtu mwenye deni, kinyongo au aibu, anamfanya rafiki, kisha anamwomba awachongee wenzake. Mambo haya akiyafanya jirani yako utamhama. Dola zimekubaliana kwamba kuna hatari zinazohalalisha hayo, na mimi sina ubishi. Asiyekubali aende akaongee na waliopoteza ndugu tarehe 7 Agosti 1998, siku mabomu yalipolipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam na kuua watu 213 upande mmoja na 11 upande mwingine. Ubishi wangu uko kwenye masharti. Hatari iwe ya kweli, si ya kuvunjiwa heshima mkubwa fulani. Kinachofanywa kilingane nayo. Na awepo mtu wa nje ya idara, mwenye jina na ofisi, aliyeweka sahihi yake kabla.

Sharti hilo la tatu ndilo linalokwepwa zaidi.

Gunia

Special Branch ya Kenya haikuzaliwa na Nyayo House. Ilikulia katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipambana na Mau Mau. Aprili 1954 Waingereza waliizingira Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil. Wanaume wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru walikusanywa mtaa kwa mtaa na kupitishwa mbele ya watoa habari waliovikwa gunia kichwani, limetobolewa mahali pa macho tu. Waliitwa gakunia, kijigunia. Gunia likitikisa kichwa, mtu anapelekwa kambini Langata, Manyani au Mackinnon Road. Waliozuiliwa walipita 20,000. Hakuna aliyeuliza kama aliyemo ndani ya gunia alikuwa na kesi ya shamba na huyo anayemtaja.

Hapo sikio na pingu vilikuwa kitu kimoja waziwazi: taarifa ndiyo hukumu. Na kwa kuwa mtoa habari hana uso, hakuna wa kumhoji. Kila jamii iliyopitia hali hiyo hubaki na ugonjwa fulani kwa muda mrefu. Mtu akikaa kimya barazani anashukiwa. Akiuliza maswali mengi anashukiwa zaidi.

Mwaka 1957 mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana Evelyn Baring kuhusu namna ya kuwapiga wafungwa waliogoma, akaeleza kwamba kama wanatenda dhambi, basi waitende kimyakimya. Barua ilikaa kimya kweli. Maelfu ya mafaili yaliyohamishwa kutoka makoloni yalifichwa Uingereza hadi 2011, yalipofichuliwa kutokana na kesi ya wazee wa Kenya mjini London. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Wengi waliostahili walikuwa wameshazikwa.

Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilishwa na makabati ya mafaili yakabaki. Mwaka 1965 James Kanyotu alishika uongozi wa idara, akakaa hadi 1991. Miaka 26! Alitumikia marais wawili, na Wakenya wengi walimjua kwa jina tu kwa sababu picha zake zilikuwa adimu. Baadaye jina hilo lilijitokeza mahali ambapo siri za nchi hazihusiki kabisa: kwenye orodha ya wakurugenzi wa Goldenberg International, kampuni iliyovuna mabilioni ya fedha za umma kwa kisingizio cha kuuza nje dhahabu na almasi. Pazia likishawekwa kwa ajili ya nchi, aliye nyuma yake anaona lina nafasi ya mambo mengine pia.

Yaliyofanyika Nyayo House kuanzia 1986, katika msako wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, yalikuwa na utaratibu wake. Mhadhiri, mwanafunzi, mwandishi au mkulima alichukuliwa usiku. Baada ya siku au wiki kadhaa za maji na kipigo alipelekwa mahakamani jioni, ofisi zikiwa zinafungwa, bila wakili. Alikiri kosa na kufungwa papo hapo. Wakili Gibson Kamau Kuria alipojaribu kuishtaki serikali mwaka 1987 kwa niaba ya walioteswa, aliwekwa kizuizini yeye mwenyewe. Msikilizaji, mkamataji, mhoji na mtengeneza ushahidi walikuwa meza moja, na hakimu alikuwa muhuri tu.

Serikali mpya ya muungano wa Narc ilifungua vyumba hivyo kwa umma Februari 2003, na watu wakashuka kuona. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru waathirika 21 walipwe fidia. Kesi nyingine zimefuata.

Kuvunja meza

Mageuzi ya maana hayakuwa kubadili jina, ingawa majina yalibadilishwa pia: mwaka 1986, kati ya mateso yenyewe, Special Branch iliitwa Kurugenzi ya Ujasusi wa Usalama, na waliokuwa chini ya sakafu hawakuona tofauti. Badiliko la kweli lilikuja na sheria ya 1998, iliyoitoa idara ndani ya polisi na kuinyang'anya pingu. Kuanzia 1999 ofisa wa ujasusi angesikia na kuripoti. Kukamata kungebaki kwa polisi, ambaye ana namba ya kazi, kitabu cha matukio kituoni na saa za kumfikisha mtu mahakamani. Katiba ya 2010 na sheria ya 2012 ziliipa idara jina la sasa, NIS, yaani Idara ya Taifa ya Ujasusi, zikaikataza kufanya kazi za polisi na kutesa, na zikaitaka iende kwa jaji wa Mahakama Kuu kuomba kibali inapotaka kuingilia faragha ya mtu.

Mtu anaweza kuuliza: kuna faida gani, ikiwa shushushu atampigia simu polisi na polisi akamate? Faida ni kwamba sasa kuna mtu wa pili. Anaweza kukataa. Anaweza kuuliza ushahidi. Akikubali, ataandika mahali, na maandishi ni adui wa kitendo cha usiku. Taarifa ya kijasusi kwa asili yake ni ya kukisia: "inasemekana", "chanzo kimoja kinaeleza". Inatosha kumwambia waziri aongeze walinzi. Haitoshi kumfungia binadamu mlango. Polisi anapolazimika kuigeuza kuwa ushahidi, nusu ya tetesi hufia njiani, na ndivyo inavyotakiwa.

Tanzania iliandika jambo kama hilo mwaka 1996, ilipoipa Idara ya Usalama wa Taifa sheria yake. Sheria ile ilisema si kazi ya idara kutekeleza hatua za usalama kwa mkono wake, wala kumfuatilia mtu kwa sababu tu anaandamana au anapinga kihalali. Ni maneno mazuri, na ningependa yabandikwe kwenye daladala. Lakini muulize abiria wa daladala hiyo anachojua kuhusu Usalama, atakujibu kwa msamiati mwingine kabisa: "watu wasiojulikana". Maneno hayo yalishika kasi baada ya mbunge wa upinzani Tundu Lissu kupigwa risasi mchana kweupe Dodoma, Septemba 2017, na waliompiga wasipatikane. Hayamtaji mtu, na nguvu yake iko hapo. Kila asipopatikana mhusika, msikilizaji anajaza jina mwenyewe, na karibu kila mara anajaza lile lile. Inawezekana anakosea. Lakini idara inayotegemea kunyamaza haina namna ya kumsahihisha.

Ubaya wa uongo uliothibitika

Hapa nataka kwenda Kongo, kwa sababu huko ndiko niliko­fundishwa na historia kwa nini kukanusha hakusaidii. Septemba 1960 mwanasayansi wa CIA, idara ya ujasusi ya Marekani, alifika Léopoldville (leo Kinshasa) akiwa na sumu, akamkabidhi mkuu wa kituo chao hapo. Ilikusudiwa kwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Haikutumika. Lumumba alikamatwa na wapinzani wake, akasafirishwa hadi jimbo la Katanga, na usiku wa tarehe 17 Januari 1961 akapigwa risasi porini, si mbali na mji unaoitwa leo Lubumbashi, mbele ya maofisa wa Kibelgiji.

Kwa miaka 14, mtu wa Lubumbashi aliyesema kwamba Wamarekani walitaka kumtia Lumumba sumu angeweza kuchekwa kama mzushi wa kilabuni. Kisha mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ikayaandika yote: sumu, mjumbe, telegramu. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ikasema mawaziri wa nchi hiyo walibeba lawama ya kimaadili. Mwaka 2022 Ubelgiji ikarudisha jino moja, ndilo lililobaki la mwili wake.

Sasa jiweke mahali pa msikilizaji wa kawaida. Jambo lililoonekana la kichaa limethibitishwa na Seneti yenyewe. Kesho akiambiwa kwamba ugonjwa fulani umeletwa na majasusi, au kwamba ndege fulani iliangushwa, kwa nini asisadiki? Atakosea mara tisa, lakini hana njia ya kujua ni ipi ile ya kumi. Uzushi unaishi kwa mkopo uliotolewa na siri ya kweli. Ndiyo maana nacheka kidogo idara zinapoajiri watu wa mitandao ya kijamii kuzisafishia jina. CIA ilifungua ukurasa wa Twitter mwaka 2014 kwa mzaha kwamba haiwezi kuthibitisha wala kukanusha kuwa huo ndio ujumbe wake wa kwanza. Watu walifurahi. Desemba ya mwaka huo huo Seneti ilitoa muhtasari wa ripoti yake kuhusu magereza ya siri ya idara hiyo: watu 119 walishikiliwa, angalau 26 kati yao kimakosa kwa vigezo vya idara yenyewe, na ilikuwa imewadanganya waliopaswa kuisimamia kuhusu faida ya mateso. Kwenye ukumbi wa makao yake kumechongwa aya ya Injili ya Yohana isemayo mtaifahamu kweli, nayo hiyo kweli itawaweka huru.

Mmoja aliyepita katika magereza hayo ni Mtanzania, aliyekamatwa Mogadishu mwaka 2003 na kuishia Afghanistan, kwenye giza, muziki wa kupasua masikio na maji baridi. Aliachiwa 2008 bila kushtakiwa. Mwaka 2017 wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile walimaliza kesi aliyowafungulia pamoja na wenzake kwa mapatano nje ya mahakama. Nimemtaja kwa sababu kisa chake kinaonyesha pengo ambalo sheria za nyumbani haziliziba. Idara za nchi tofauti hubadilishana habari, na hata watu, kwa sharti kwamba mwenzako asiseme zilikotoka. Bunge likiuliza, jibu ni kwamba siri hiyo si yetu, ni ya rafiki. Kwa hiyo nchi yenye sheria nzuri inaweza kushiriki jambo ambalo sheria hiyo inalikataza, mradi lifanyike kwenye ardhi ya mtu mwingine.

Wanapoonewa

Haki iende pande zote. Zipo nyakati idara inalaumiwa kwa kosa la mteja wake. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 Kenya, yaliyoua watu zaidi ya 1,100, tume ya jaji Philip Waki ilikuta kwamba ujasusi ulikuwa umeona mapema vurugu zikinukia na kuonya. Waliopaswa kuchukua hatua hawakuchukua za kutosha. Lakini muulize mtu wa Naivasha au Eldoret kama alijua, mwaka ule, kwamba kuna ofisa aliyeandika onyo akalala akiamini limefika.

Baada ya magaidi kuua watu 67 kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, mvutano ulikuwa huo huo: huku wakisema tulionya, kule wakisema onyo halikuwa na saa wala mahali. Wote wanaweza kuwa wakweli. Onyo la kijasusi mara nyingi linafanana na utabiri wa mvua: linakuambia msimu, wewe unataka kujua kama utoke na mwavuli Jumamosi. Mkuu wa NIS wakati huo, Michael Gichangi, alijiuzulu Agosti mwaka uliofuata.

Hofu ya namna hiyo ndiyo hurudisha pingu. Desemba 2014 bunge la Kenya lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama, wabunge wakirushiana ngumi na maji ukumbini. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane. Marekebisho hayo yalimpa ofisa wa NIS uwezo wa kumsimamisha na kumzuia mtu anayemwona akitenda kosa kubwa, kwa sharti kwamba amkabidhi bila kuchelewa kwenye kituo cha polisi kilicho karibu. Ni mlango mdogo. Waliouandika walihakikisha kituo cha polisi kimetajwa.

Kisha yakaja maandamano ya vijana ya Juni 2024. Wakosoaji wa serikali wakaanza kuchukuliwa barabarani na watu wenye magari yasiyo na alama, na kufikia Desemba tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu visa 82. Polisi walikana kuhusika. Januari 2025 Justin Muturi, aliyekuwa waziri wakati huo, aliandika taarifa kwa wapelelezi kuhusu mwanawe aliyechukuliwa Juni ile. Kwa maelezo yake, alitafuta kila mahali bila jibu, hatimaye akaenda Ikulu. Rais akampigia simu mkuu wa NIS, akaambiwa kijana yupo mikononi mwao, na baada ya muda mfupi akaachiwa.

Mwanawe alipochukuliwa, Muturi ndiye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya. Kama kulikuwa na jaji aliyetia sahihi, yeye ndiye angejua pa kumtafuta. Katika maelezo yake hakuna jaji, hakuna hati, hakuna kituo kilicho karibu. Kuna simu moja.